Bustani ya Mlimani: Maji Yatembee, Yasikimbie

Mji wa Mbarara, magharibi ya Uganda, husemekana ulipata jina lake kutokana na emburara, majani marefu ambayo zamani yalivifunika vilima vya Ankole. Majani hayo yalikuwa na kazi mbili. Yaliwalisha ng'ombe wenye pembe ndefu, na yaliushika udongo usiondoke mahali pake. Siku hizi vilima vya mji huo, kama vile Kamukuzi, Ruharo na Nyamitanga, vimejaa majengo, na mahali pengi palipokuwa na majani pamekuwa nyua zinazofagiliwa kila asubuhi mpaka ardhi ikawa ngumu kama sakafu. Mvua kubwa inaponyesha, Mto Rwizi unaopita mjini hugeuka rangi ukawa kama uji wa ulezi. Rangi ile ni ya udongo wa mashamba na bustani za watu, unaosafiri kwenda mabondeni bila nauli.

Kusini mashariki ya Mbarara, katika Wilaya ya Isingiro, yapo makazi ya wakimbizi ya Nakivale. Makazi hayo yalifunguliwa mwaka 1958 na kutambuliwa rasmi mwaka 1960, na wakazi wake wa mwanzo walikuwa watu waliokimbia Rwanda. Leo humo wanaishi watu kutoka Kongo, Burundi, Somalia, Rwanda, Ethiopia na kwingineko, na Kiswahili ni mojawapo ya lugha wanazokutania sokoni. Eneo lote ni kilomita za mraba zipatazo 185 kando ya Ziwa Nakivale, na sehemu kubwa yake ni vilima na miteremko. Familia inapofika hupewa kipande cha ardhi cha kujenga na kulima, na kipimo kinachotajwa mara nyingi ni meta 30 kwa meta 30.

Kwa familia iliyopata kipande hicho ubavuni mwa kilima, bustani haiwezi kuwa pambo tu. Mwaka 2020 Shirika la Mpango wa Chakula Duniani lilipunguza mgao wa chakula kwa wakimbizi walioko Uganda kwa asilimia 30, na mwezi Mei 2025 shirika hilo lilieleza ya kuwa watu wapatao milioni moja nchini humo hawatapata tena msaada huo kwa ukosefu wa fedha. Tangu hapo mchicha unaoota nyuma ya nyumba, ambao Wakongo huuita lengalenga, umekuwa na uzito mwingine katika nyumba nyingi.

Mwenzake mama huyo wa Nakivale ni askari anayekaa katika kota zilizojengwa juu ya kilima mjini Mbarara, au mkewe aliyebaki na watoto wakati mume yuko kazini mbali. Watu hawa wawili wana shida moja inayofanana: wote wanakaa juu ya ardhi wasiyoimiliki. Kanuni za wakimbizi za Uganda za mwaka 2010 humruhusu mkimbizi aliye katika makazi kuitumia ardhi kwa kilimo na malisho bila malipo, lakini hazimpi haki ya kuiuza wala kuikodisha. Askari naye anajua ya kuwa barua ya uhamisho yaweza kufika siku yoyote. Basi kila mmoja wao hujiuliza: kwa nini nivunje mgongo kwa ajili ya ardhi ambayo mwakani huenda ikawa ya mtu mwingine?

Jibu ni kwamba kazi ya mteremko, ikifanywa kwa utaratibu unaofaa, huanza kulipa msimu ule ule. Utaratibu wenyewe ni mfupi: kwanza maji, pili udongo, tatu mimea, na mapambo yaje mwisho. Watu wengi huanza na mwisho. Hununua miche ya maua na miti ya matunda, wakaipanda kwenye mteremko mtupu, na mvua ya kwanza ikaing'oa na kuipeleka kwa jirani wa chini.

HESABU YA MVUA

Yafaa mwenye nyumba aanze kwa kuhesabu. Mvua ya milimeta moja ikinyesha juu ya meta moja ya mraba huleta lita moja ya maji. Kiwanja cha meta 30 kwa 30 kina meta za mraba 900. Mvua ya milimeta 20, ambayo si ajabu kunyesha kwa alasiri moja katika majira ya mvua, itamwaga juu ya kiwanja hicho lita 18,000. Hayo ni madumu 900 ya lita 20. Mama anayepanga foleni bombani kwa ajili ya dumu moja anaachia madumu mamia yapite mlangoni pake kwa saa moja, nayo hayapiti mikono mitupu.

Hesabu ya udongo nayo ni hiyo hiyo. Sentimeta moja tu ya udongo ikiondoka katika kiwanja hicho chote, imeondoka mizigo ya toroli ipatayo 150. Sentimeta hiyo haiondoki kwa siku moja. Huondoka kidogo kidogo, na mwenye nyumba hutambua pale anapoona mizizi ya mgomba iko wazi, au msingi wa nyumba uliokuwa umefukiwa sasa unaonekana. Wahenga walisema bandu bandu huisha gogo. Kinachotangulia kuondoka ni udongo wa juu, mweusi, wenye mbolea. Unaobaki ni udongo wa chini, mgumu na wenye changarawe, ambao hata ukinyeshewa haushiki maji.

Nguvu za maji hutokana na mbio zake. Maji yanayotembea polepole huacha mchanga njiani na huzama ardhini. Maji hayo hayo yakipata njia iliyonyooka kutoka juu hadi chini, hukimbia, na yakikimbia huchimba. Kwa hiyo kazi nzima ya bustani ya mlimani ni kuyafanya maji yatembee.

KUUJUA MTEREMKO

Kabla ya kushika jembe hapana budi kuutazama mteremko wakati mvua inanyesha. Kwa mwavuli au gunia kichwani, mwenye nyumba atazame mambo matatu. Maji huingia kiwanjani kwa wapi? Hupita wapi? Hutokea wapi? Mara nyingi ataona ya kuwa adui mkubwa ni njia ya miguu iliyonyooka kutoka nyumba za juu hadi bombani, au paa la bati linalomwaga maji yake yote mahali pamoja. Asipoziba hapo, mitaro atakayochimba itakuwa ya kupokea maji ya kijiji kizima.

Askari aliyefunzwa kusoma ramani anaijua mistari ya kontua. Ni ile mistari inayozunguka kilima, ambayo kila sehemu ya mstari mmoja iko kwenye kimo kimoja. Bustani ya mlimani hufuata mistari hiyo hiyo, ila sasa huchorwa juu ya ardhi kwa vigingi. Matuta yakilimwa kufuata kontua, kila tuta huwa ukuta mdogo wa kuzuia maji. Yakilimwa kutoka juu kwenda chini, kila mfereji huwa barabara ya maji.

Kuipata mistari hiyo hakuhitaji chombo cha bei kubwa. Hutafutwa fito mbili zilizonyooka, kila ufito meta 2. Vichwa vyake hufungwa pamoja, na miguu hutanuliwa kiasi cha meta moja na nusu. Ufito wa tatu hufungwa katikati kwa kulala, ili umbo zima liwe kama herufi A. Kutoka kileleni huning'inizwa uzi wenye jiwe mwishoni, uvuke ule ufito uliolala.

Ili kupata alama ya usawa, chombo husimamishwa juu ya vigingi viwili, na mahali uzi unapogusa ufito uliolala hutiwa alama. Kisha miguu hubadilishana vigingi, na alama ya pili hutiwa. Katikati ya alama hizo mbili ndipo penye alama ya usawa. Toka hapo mguu mmoja huwekwa penye kigingi cha kwanza ukingoni mwa kiwanja, na mguu wa pili husogezwa juu au chini mpaka uzi uangukie alama ya katikati. Hapo hupigwa kigingi, chombo kikageuzwa, na safari ikaendelea mpaka ukingo wa pili. Watoto wa shule huipenda kazi hii, na kwa asubuhi moja familia huweza kupima kiwanja chote.

MITARO NA MATUTA

Njia inayojulikana sana Afrika ya Mashariki ni ile iitwayo fanya juu, iliyoenea sana katika nchi ya Ukambani, Kenya. Jina lake ni la Kiswahili, na wataalamu wa nchi za mbali nao hulitumia bila kulitafsiri. Mtaro huchimbwa kufuata kontua, na udongo hutupwa upande wa juu ufanye tuta. Kati ya mtaro na tuta huachwa nafasi ya kiasi cha sentimeta 20 au 30 ili udongo usirudi ndani. Maji yanayoshuka huzuiwa na tuta, udongo wake hutua hapo, na baada ya misimu kadhaa sehemu iliyo juu ya tuta huanza kulala sawa kama ngazi.

Mitaro iwe mbali kiasi gani? Kanuni rahisi ni hii: mtu husimama penye mstari wa chini, akatazama mbele yake sawasawa bila kuinua wala kuinamisha macho. Mahali macho yake yanapogusa mteremko ndipo mstari wa pili upite. Kwa njia hiyo kila mstari huwa juu ya mwenzake kwa kiasi cha meta moja na nusu. Kilima kikiwa kikali, mistari hukaribiana. Kikiwa cha pole, huachana. Kiwanja cha meta 30 kinachoshuka meta 4 na nusu kitatosheka na mitaro mitatu.

Mitaro mitatu yenye upana wa nusu meta na kina cha nusu meta, kila mmoja ukiwa na urefu wa meta 30, huchukua lita 22,500. Msomaji akumbuke ile mvua ya lita 18,000. Mvua nzima iliyokuwa ikikimbilia bondeni yaweza kutulizwa na mitaro hiyo mitatu, hata kabla ya kuhesabu maji yanayozama yenyewe. Kwa kweli nyumba, jiko na choo huchukua sehemu ya kiwanja, na mitaro itakuwa mifupi. Lakini hata nusu ya hesabu hiyo si haba. Mtu mmoja mwenye nguvu, katika udongo usio wa mawe, huweza kuchimba meta za ujazo mbili au tatu kwa siku. Kazi yote basi ni ya siku kumi hivi kwa mtu mmoja, na chini ya hapo kwa familia inayosaidiana. Askari aliyewahi kuchimba handaki ataiona kazi hii ni ya kawaida.

Kuna maonyo matatu. Kwanza, udongo mweusi wa juu utengwe kando wakati wa kuchimba, kisha urudishwe mahali pa kupandia. Pili, ndani ya mtaro yaachwe magingi ya udongo kila baada ya meta chache, ili maji yasikusanyike upande mmoja na kubomoa. Tatu, maji yasituame. Mbu huchukua siku saba hadi kumi hivi kutoka yai hadi kuruka. Kwa hiyo maji yakikaa mtaroni zaidi ya siku tatu, mwisho wa mtaro ufunguliwe kidogo kuelekea penye majani mengi. Karibu na nyumba yenye watoto wadogo mitaro iwe mifupi kwa kina, na majani yake yakatwe yasifiche nyoka.

Mwenye mawe mengi kiwanjani, kama walivyo wengi katika vilima vya Isingiro, asiyalaani. Mawe yakipangwa kufuata vigingi, yakazikwa theluthi moja ardhini, hufanya kazi ya tuta bila kuchimba mtaro mrefu.

MAJANI YA KUSHIKA KINGO

Tuta lisilopandwa kitu ni tuta la msimu mmoja. Kingo zake zipandwe majani upesi, mara mvua zinapoanza. Vetiva ni bora kwa sababu mizizi yake hushuka chini sana wala haienei ovyo shambani. Vipande vyake hupandwa kwa kuachana sentimeta 10 hadi 15. Mabingobingo, yale majani ya tembo, hushika udongo vizuri na ni chakula cha mbuzi na ng'ombe, ila yana uroho wa maji na mbolea, hivyo yakatwe mara kwa mara. Kwa kiwanja kidogo mchaichai ni rafiki zaidi. Hushika ukingo, hutiwa katika chai, na ziada yake huuzwa sokoni. Mananasi yakipandwa kwa mstari kufuata kontua hufanya kazi hiyo hiyo na huzaa matunda.

Nyuma ya ukingo hupandwa chakula cha upesi. Lengalenga huwa tayari kuchumwa katika majuma machache. Viazi vitamu hufunika ardhi kwa majani yake, na majani yenyewe hupikwa. Maboga nayo hufunika. Mbaazi huongeza rutuba. Mihogo hutoa kisamvu, ambacho Wakongo na Warundi hukijua kwa jina la sombe. Migomba, ambayo ndiyo sifa ya nchi ile, hupenda kukaa ndani ya mtaro au chini yake kidogo, mahali penye unyevu. Mpapai nao hauchelewi sana kuzaa. Mwembe na mparachichi hupandwa kwa ajili ya atakayekuwapo baadaye. Mkaratusi usipandwe karibu na nyumba wala migomba, kwa kuwa hunywa maji mengi.

Ardhi iliyo kati ya mimea ifunikwe kwa matandazo, yaani majani makavu, mabua au makuti ya migomba, kwa unene wa kiasi cha sentimeta 10, bila kuyasukuma mpaka shinani mwa mche. Tone la mvua linalopiga udongo mtupu hurusha chembe zake kama risasi. Likipiga matandazo, huingia taratibu. Desturi ya kufagia ua mpaka mwisho wa kiwanja yafaa ipunguzwe. Mlango wa nyumba ufagiliwe, lakini mteremko uachiwe majani yake.

NYUMBA, NJIA NA CHOO

Nyumba ya mlimani hukaa juu ya sehemu iliyochongwa ikawa sawa. Kosa linaloonekana mara nyingi ni kuusogeza ukuta wa nyuma mpaka ukagusa kilima. Kati ya ukuta na kilima yafaa iachwe nafasi ya kupita mtu, na katika nafasi hiyo uchimbwe mfereji mdogo wa kuyaongoza maji pembeni. Mtaro wa kuzamisha maji usichimbwe karibu na nyumba kwa upande wa juu, maana maji yanayozama yatatokea chini ya msingi. Udongo uliotolewa upande wa juu na kumwagwa upande wa chini ni laini, na ukuta ukijengwa juu yake utapasuka. Sehemu hiyo ifanywe bustani.

Ukuta wa mawe wa kuzuia udongo, ukijengwa na familia yenyewe, usizidi kimo cha meta moja. Mawe makubwa yawe chini, ndani ya msingi uliochimbwa. Ukuta uegemee kilima kidogo, na kati ya mawe yaachwe matundu ya kutolea maji. Ukuta usio na matundu hubeba uzito wa udongo na wa maji pamoja, na siku moja huanguka. Asiye na mawe aweza kutumia magunia yaliyojazwa udongo na kupandwa mboga ubavuni, au matairi makuukuu yaliyopangwa kama ngazi. Ukuta mrefu zaidi ya meta moja ni kazi ya fundi.

Paa la bati lenye meta za mraba 30, kwa ile mvua ya milimeta 20, hutoa lita 600, yaani madumu 30. Pipa moja chini ya mlizamu huyaokoa mengi, na pipa likijaa maji ya ziada yaongozwe mpaka mtaro wa kwanza. Njia ya miguu isishuke moja kwa moja. Ipinde kushoto na kulia, na penye mwinuko zitengenezwe ngazi za mawe au magogo. Choo kiwe chini ya nyumba, na kiwe meta 30 au zaidi kutoka kisima chochote. Maji ya kuogea na kufulia yapelekwe kwenye migomba, wala yasimwagiwe mboga zinazoliwa mbichi.

WALIOTANGULIA

Watu wa milima ya Afrika ya Mashariki wana elimu ya siku nyingi juu ya jambo hili. Huko Umatengo, katika Wilaya ya Mbinga, Tanzania, wakulima huchimba ngoro, vishimo vilivyopangwa kama matundu ya sega la nyuki, na kufukia majani chini ya kingo zake. Vishimo hivyo hupokea mvua, na majani yaliyooza huwa mbolea. Huko Kigezi, magharibi zaidi ya Mbarara, miaka ya 1940 mistari ya majani iliachwa bila kulimwa kufuata usawa wa vilima. Udongo uliokuwa ukishuka ulijikusanya nyuma ya majani hayo mwaka hata mwaka, mpaka ngazi zikajitengeneza. Vilima vya Kabale vyenye ngazi kutoka bondeni hadi kileleni ni matunda ya kazi hiyo.

Liko pia fundisho la uchungu. Katika milima ya Uluguru, Tanganyika, serikali ya kikoloni iliwalazimisha wakulima kuchonga matuta ya ngazi. Kazi ilikuwa nzito, udongo mbaya wa chini uliletwa juu, na mavuno hayakuonekana kuongezeka. Mwaka 1955 hasira ya wananchi ililipuka kuwa ghasia, na mpango ukaachwa. Hapo inaonekana ya kuwa kazi ya mlimani haiendi kwa amri. Huenda pale mwenye jembe anapoona faida yake mwenyewe, na pale udongo mzuri unapohifadhiwa.

Tena si kila mteremko unafaa kuchimbwa. Tarehe 1 Machi 2010, katika Wilaya ya Bududa kwenye Mlima Elgon, ardhi iliyoshiba mvua iliporomoka na kuua watu kwa mamia. Penye mteremko mkali sana wenye udongo mnene na laini, mitaro ya kuzamisha maji huongeza hatari. Dalili zake ni nyufa ndefu ardhini, miti iliyoinama, na chemchemi mpya zinazotokea ghafla. Mahali kama hapo paachiwe miti na majani, maji yaongozwe nje taratibu, na watu wasilale chini yake majira ya mvua kubwa.

JIRANI WA JUU NA JIRANI WA CHINI

Maji hayajui mpaka wa kiwanja. Mtaro wa mtu mmoja ukifunguliwa kuelekea ua wa mwenzake, ugomvi umefunguliwa pamoja nao. Katika mahali kama Nakivale, ambapo Mrundi hukaa juu ya Mkongo, na Msomali chini yao, ugomvi wa maji waweza kugeuka ukaitwa ugomvi wa makabila. Kwa sababu hiyo yafaa majirani wa mstari mmoja wakutane kabla ya mvua, wapime kontua pamoja, na wakubaliane juu ya mfereji mmoja wa kutolea maji ya ziada, uliopandwa majani na kuwekewa mawe. Kazi iliyoanzia juu ya kilima humsaidia aliye chini. Aliye chini akichimba peke yake, mitaro yake itajazwa mchanga wa wenzake.

Katika kambi na kota jambo hili ni jepesi zaidi, kwa kuwa watu wamezoea kazi ya pamoja. Jumamosi mbili zatosha kwa mstari mzima wa nyumba.

Majira ya kazi hujulikana. Katika nchi ile mvua hunyesha kati ya Machi na Mei, na tena kati ya Septemba na Desemba. Kupima na kuchimba kufanywe katika kiangazi cha Juni, Julai na Agosti. Majani ya kingo na mboga yapandwe mvua za Septemba zinapoanza. Kila baada ya mvua kubwa mitaro ikaguliwe, na mchanga uliotua urudishwe shambani. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Mwenye shaka ya kuhama aweza kuanza na mstari mmoja tu, ule wa juu kabisa, wenye mchaichai ukingoni na lengalenga nyuma yake. Kabla Novemba haijaisha atakuwa amekwisha kuchuma mara kadhaa. Na barua ya uhamisho ikija, ataondoka na vipande vya mchaichai katika gunia, tayari kwa kilima kingine, na familia itakayoingia nyuma yake itakuta udongo ungali mahali pake.